Kelele za mtaani: namna ya kuzipima, kujikinga na kuzipunguza bila kukosana na jirani

Mimi ni fundi mitambo ya sauti, Temeke, Dar es Salaam. Nafunga spika kwenye kumbi, harusini, misibani, kanisani na msikitini, na natengeneza amplifaya zilizoungua. Kwa hiyo watu wa mtaani wakichoshwa na mziki, wengi hupita kwangu kwanza kabla ya kwenda kwa mjumbe. Ninayowaambia ndiyo haya, nimeyaandika yote mahali pamoja.

La kwanza, ambalo watu hawaambiwi: kelele nyingi za mjini hazitokani na mtu kutaka mziki mkubwa. Zinatokana na spika iliyoelekezwa pabaya, besi iliyofunguliwa kupita mahitaji, na saa. Matatu hayo yanarekebishika bila kumnyima mtu sherehe yake wala biashara yake. Ukienda kumwambia mtu "zima", atakunyima. Ukimwambia "kaka, hiyo spika igeuze iangalie ndani", mara nyingi anaigeuza palepale.

Mwili unaumia kwa njia mbili

Njia ya kwanza ni sikio lenyewe. Ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinyweleo vidogo mno vinavyopokea mtetemo wa sauti na kuupeleka kwenye mshipa wa fahamu. Sauti kubwa inazichosha. Ikizidi au ikirudiwa kila siku, zinakufa, na kwa binadamu zikishakufa hazioti tena. Hakuna kidonge cha kuzirudisha. Mwenzangu mmoja tuliyekuwa tunafunga naye mitambo alizoea kukaa mbele kabisa ya boksi, tena kwa saa nyingi. Sasa hivi ana mlio mwembamba masikioni usiokatika, na usiku anaacha redio ikiongea chinichini ili apate usingizi. Kinachopotea mwanzo ni sauti za juu, zile zinazotofautisha "s" na "f", "t" na "k". Mtu anasikia kwamba unaongea lakini hashiki ulichosema, hasa penye watu wengi. Nyumbani wanadhani anadharau.

Njia ya pili haihitaji sauti ya kupasua masikio. Ukilala, masikio hayalali. Honi ikipigwa saa nane usiku huenda usiamke, lakini mwili unaitikia: homoni za msongo zinapanda, moyo unaongeza mapigo, mishipa inakaza. Hilo likijirudia usiku baada ya usiku, presha inapanda na moyo unachoka. Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 2011 lilikadiria kwamba kelele za magari zinaipotezea Ulaya Magharibi angalau miaka milioni 1 ya maisha yenye afya kila mwaka, na sehemu kubwa ya hasara hiyo inatokana na usingizi uliovurugwa.

Kwa watoto kuna ushahidi ninaopenda kuwasimulia walimu. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Arline Bronzaft alichapisha utafiti wa shule moja ya New York iliyopakana na reli ya juu, yaani njia ya treni iliyojengwa juu ya nguzo. Watoto wa darasa la sita waliosomea upande wa reli walikuwa nyuma katika kusoma kwa karibu mwaka mzima, wakilinganishwa na wenzao wa upande wa pili wa jengo hilohilo. Baadaye reli ikawekewa mpira wa kupunguza mtikisiko, madarasa yakawekewa dari inayomeza sauti, na alipopima tena tofauti ile haikuwepo. Ukisikia grinda ya fundi chuma inalia mita chache kutoka dirisha la darasa la kwanza, kumbuka shule hiyo.

Kwa nini nazitenganisha njia hizi mbili? Kwa sababu kinga zake ni tofauti. Sikio linakingwa kwa umbali, muda na vizibo. Usingizi unakingwa kwa kushughulikia besi, nyufa za nyumba na saa ya kuzima.

Pima kabla hujalalamika

Kipimo cha bure kabisa ni mkono wako. Simama na mtu kwa umbali wa mkono ulionyooshwa. Kama unalazimika kupaza sauti ili akusikie, mahali hapo pamefika kama desibeli 85 au zaidi (desibeli ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti). Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inakubali mtu akae kwenye desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, 97 ni nusu saa, 100 ni robo saa. WHO ina tahadhari zaidi kwa starehe: mtu mzima asizidishe wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto 75.

Simu nayo inapima. Kuna programu nyingi za bure. NIOSH wana ya kwao, ila ni ya iPhone. Za simu nyingine zinatofautiana sana, kwa hiyo chukua namba yake kama mwongozo tu. Toa kava la simu, usizibe tundu la maiki kwa kidole, jikinge na upepo, simama bila kuongea kwa dakika moja au zaidi, kisha soma wastani. Watu wengi husoma ile namba kubwa iliyoruka mara moja mlango ulipogongwa, halafu wanaibeba hadi ofisini. Wastani ndio wenye maana. Penye mziki mkubwa sana maiki ya simu huzidiwa na namba inakwama, wakati sauti halisi imepita hapo.

Kama programu yako inakuruhusu kuchagua kati ya "A" na "C", pima zote mbili ukiwa chumbani kwako. "A" inapunguza besi, "C" inaihesabu. Ukiona "C" imezidi "A" kwa zaidi ya 15, tatizo lako ni besi, na hapo kufunga madirisha hakutakusaidia sana.

Weka daftari. Tarehe, saa kelele ilipoanza, saa ilipoisha, inatoka wapi, simu ilisoma ngapi, na ndani ya nyumba kilitokea nini: mtoto aliamka, bibi hakulala, mwanafunzi aliacha kusoma. Wiki mbili za daftari lililoandikwa vizuri zina nguvu ofisini kuliko maneno ya hasira ya mwaka mzima.

Umbali ni kinga ya bure

Pasipo na kuta za kurudisha sauti, kila ukizidisha umbali mara mbili kutoka kwenye spika, unapunguza desibeli 6. Spika inayotoa 100 mita 1 mbele yake inakuwa 94 ukiwa mita 2, 88 ukiwa mita 4, 82 ukiwa mita 8. Linganisha na ile hesabu ya NIOSH: aliyesimama mita 1 ameshamaliza muda wake kwa robo saa, aliyesogea mita 4 ana saa 4. Hatua chache tu. Ndiyo maana kwenye sherehe sikubali mama mwenye mtoto mchanga apangiwe kiti cha mbele pembeni ya boksi, hata kama ndiye dada wa bibi harusi. Namwomba mshereheshaji amhamishe, na kama hataki nakwenda mwenyewe: "Shemeji, hapa mtoto ataumia masikio, njoo huku nyuma nimekuwekea kiti." Sijawahi kuona mama akikataa.

Lakini endelea na hesabu: mita 16 ni 76, mita 32 ni 70, mita 64 ni 64. Mita 64 kwetu ni nyumba ya tano au ya sita. Umbali unaookoa sikio la mcheza mziki hauokoi usingizi wa jirani.

Kupanga spika ili sauti ibaki kwa wenye shughuli

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye dawa kubwa. Kama wewe ni kamati ya harusi, mwenye baa, mzee wa kanisa au imamu, haya ndiyo ya kumwambia fundi wako.

Anza na mahali watu watakapokaa, halafu ndipo uweke spika. Mafundi wengi wanaweka boksi mbili kubwa mbele na kufungua mpaka mtu wa mwisho asikie. Matokeo yake wa mbele wanaungua masikio na mtaa mzima unapokea. Weka mbili za kiasi mbele, na nyingine mbili ndogo katikati ya turubai, zikiangalia nyuma. Kila mtu ana spika karibu yake, hivyo hakuna inayohitaji kupiga kelele. Waya zitaongezeka, na fundi atalalamika. Mlipe hiyo nusu siku.

Ziinue juu ya vichwa, kisha zinamishe ziwaangalie waliokaa. Spika iliyonyooka juu ya stendi inapitisha sauti juu ya vichwa vya wageni na kuipeleka kwa jirani. Kuinamisha ni kazi ya bolti moja au kipande cha ubao chini ya mguu wa boksi.

Geuza mgongo wa spika uelekee nyumba zilizo karibu. Sauti za juu zinatoka mbele, nyuma ya boksi ni kidogo sana. Usielekeze barabarani ili kuvuta wateja. Mteja anayepita anasikia hata spika ikiangalia ndani.

Besi ni habari nyingine. Inatoka pande zote na inapita ukutani. Ndiyo maana mwenye baa akiwa kaunta anasikia mziki mzuri wenye kila kitu, na wewe chumbani unasikia ngumi tu ukutani. Ukuta umechuja sauti za juu zote na kuacha mdundo. Kuna baa moja ya uswahilini kwetu iliyokuwa na boksi mbili za besi zimesukumwa kwenye kona, mgongo ukigusa ukuta wa zege, na upande wa pili wa uchochoro kulikuwa na chumba cha mama aliyetoka kujifungua. Kona inaongeza besi bila wewe kugusa kitufe. Tulizivuta zikatoka kwenye kona, tukaziweka juu ya vipande vya mpira wa tairi badala ya sakafu tupu, nikapunguza kwenye ekwalaiza kila kitu kilicho chini ya hezi 60, yaani besi ya chini kabisa. Wateja hawakuuliza kitu. Kwa yule mama, glasi kwenye kabati zikaacha kugongana. Kazi ya asubuhi moja, na hakuna kilichonunuliwa.

Saa nne usiku ikifika, zima boksi za besi kabisa na uache spika za juu kwa sauti ya kiasi. Watu wataendelea kucheza.

Jambo la mwisho kwenye mitambo: masikio ya DJ yanachoka. Baada ya saa moja au mbili anaanza kusikia mziki umepungua, kumbe ni yeye aliyepunguka, anapandisha. Saa nyingine tena anapandisha. Bandika utepe kwenye miksa, weka alama, na mpe mtu mmoja wa kamati jukumu la kupima kwa simu akiwa mahali palepale kila baada ya saa moja. Amplifaya yenye kikomo cha ndani kinachozuia sauti isipite kiwango, fundi akifunge kabla hajaondoka. WHO mwaka 2022 ilitoa mwongozo wa kumbi na matamasha: wastani usizidi desibeli 100 kwa kipindi cha dakika 15. Hicho ni kikomo cha juu kabisa, na harusi ya watu mia mbili haihitaji hata kukikaribia.

Nyumba za ibada nazisema kwa heshima, maana nafanya kazi kwao wote. Ni nadra shida kuwa adhana, ambayo ni ya dakika chache. Shida ni darasa la dini linalochukua saa mbili au mkesha mzima kupita kwenye zile spika za chuma za mdomo mpana zilizo juu ya mnara au paa. Tenganisha: amplifaya moja ya nje, nyingine ya ndani, kila moja na swichi yake. Wito utoke nje, mawaidha na mahubiri yabaki ndani kwa waliohudhuria. Kwa wazee wanaohofu kwamba ni kuikosea dini, ninawakumbusha kwamba mwaka 2021 wizara ya mambo ya Kiislamu ya Saudi Arabia iliagiza spika za nje za misikiti zitumike kwa adhana na iqama (wito wa pili, wa kusimama kuswali) tu, tena zisizidi theluthi moja ya nguvu yake.

Na yule kijana anayeuza dawa ya panya na mende kwa kipaza sauti chenye tangazo lililorekodiwa, anayeumia kuliko wote ni yeye mwenyewe. Kipaza kiko nusu mita kutoka sikioni mwake tangu asubuhi mpaka jioni. Mwambie akifunge mbele ya toroli kikiangalia mbele, yeye asukume kwa nyuma, na akizime anapoongea na mteja.

Kumwendea jirani

Usiende usiku kelele zikiwa zinaendelea. Amekunywa, ana wageni, na wewe una hasira. Nenda kesho yake asubuhi, wakati anafagia. Nenda na mtu anayeheshimika, mzee wa mtaa au mama mtu mzima. Salimia vizuri, mpe shikamoo anayestahili, uliza habari za biashara, halafu useme jambo moja linalotekelezeka. Nilimsikia mama mmoja akilifanya hili vizuri:

"Baba Jack, habari za asubuhi. Biashara inakwendaje? Mimi sikuja na ugomvi. Mjukuu wangu anafanya mtihani mwezi huu, na ule mdundo unafika mpaka kitandani kwake. Nakuomba ukifika saa nne yale makubwa ya chini uyazime, haya ya juu yaendelee. Na ukipata nafasi jioni, pita nyumbani usikilize mwenyewe."

Huo mwaliko wa mwisho ndio ufunguo. Mwenye baa hajawahi kuusikia mziki wake akiwa upande wako wa ukuta. Akae chumbani kwako dakika tano, mziki ukipigwa kama kawaida yake. Wengi wanatoka hapo wanapiga simu wenyewe.

Ikishindikana, kuna ofisi

Anza kwa mjumbe wa shina, kisha mwenyekiti na mtendaji wa mtaa. Hapo andika barua. Maneno hayahitaji kuwa makali:

"Sisi wakazi wa nyumba zilizotajwa hapa chini tunaomba ofisi yako isaidie kupunguza kelele zinazotoka (mahali). Kwa tarehe zilizoorodheshwa mziki uliendelea kupigwa baada ya saa nne usiku. Tulizungumza na mhusika tarehe (…) bila mabadiliko. Tunaomba mambo mawili: boksi za besi zizimwe saa nne usiku, na spika za nje zigeuzwe zisiangalie makazi. Tunaambatanisha orodha ya siku na saa."

Pata saini za nyumba tatu au zaidi, kwa sababu malalamiko ya mtu mmoja yanaonekana ni ugomvi binafsi. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Bila nakala yenye muhuri huna cha kuonyesha ngazi inayofuata, ambayo ni afisa afya wa kata na afisa mazingira wa manispaa. Juu yao kuna chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, ambacho wengi wanakijua kwa jina la NEMC. Usiku ule ule, kama ni sherehe ya barabarani iliyopitiliza, ni kituo cha polisi, na swali la kwanza la kuuliza ni kama ina kibali na kibali kinaishia saa ngapi.

Sheria ipo. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kuna kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015, na kwa makazi ya watu kikomo ni desibeli 50 mchana na 35 usiku, usiku ukihesabiwa kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi. Maeneo yaliyochanganya makazi na biashara yanaruhusiwa kidogo zaidi. Ndugu zetu wa Kenya wana kanuni zao za mwaka 2009, na kwao usiku unaanza mapema, saa mbili. Sasa rudi kwenye ile hesabu ya umbali: nyumba iliyo mita 64 inapokea 64 usiku ambao kikomo chake ni 35. Huhitaji kumchukia mwenye baa kuona kwamba hapo kuna jambo la kurekebisha.

Desibeli zilizosomwa na simu yako hazitamfunga mtu. Maafisa watakuja na kifaa chao kilichohakikiwa. Kazi ya daftari lako ni kuwaambia waje siku gani na saa ngapi, ili wasije Jumatatu mchana wakakuta kimya.

Ukiwa safarini na sokoni

Kwenye daladala, tazama spika ziko wapi kabla ya kukaa. Nyingi ziko nyuma, juu ya siti ya mwisho. Mtoto mpakate upande ulio mbali nazo. Stendini, usisubiri pembeni ya injini inayounguruma wala mbele ya banda la kuuza nyimbo. Jificha nyuma ya jengo, hata kibanda cha mbao kinapunguza sauti za juu.

Usiongeze spika ya masikioni juu ya kelele. Ndani ya basi lenye kelele watu hupandisha simu mpaka mwisho ili waushinde mngurumo, na sikio linabeba vyote viwili. Kama aliyekaa jirani yako anasikia maneno ya wimbo wako, punguza.

Wanaofanya kazi penye kelele, makondakta, mafundi chuma, maseremala, vijana wa mashine za kusaga, wavae vizibo vya sponji. Vinauzwa maduka ya vifaa vya usalama kazini, wanakouza helmeti na reflekta, na baadhi ya maduka ya dawa. Visokote kwa vidole safi mpaka viwe vyembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, ingiza, kisha shikilia kwa kidole mpaka kijae, kama nusu dakika. Kikichungulia nje ya sikio, hakijaingia. Namba iliyoandikwa kwenye pakiti, ya desibeli ambazo kizibo kinapunguza, ni ya maabara. Ukiona 30, hesabu nusu yake. Pamba tupu haisaidii kitu cha maana. Na kwa bodaboda aliyetoboa eksozi ili isikike: kichwa kilicho karibu zaidi na mlio huo ni chake.

Chumba cha kulala

Sauti ni kama maji, inatafuta ufa. Nyumba nyingi zetu kuta za vyumba hazifiki kwenye bati, kwa hiyo kelele inapanda, inapita juu na kushuka kitandani. Kabla hujanunua chochote, zima taa mchana, tazama mwanga unaingia wapi. Hapo ndipo sauti inapoingia. Dari, hata la ubao mwembamba, linasaidia kuliko pazia nene. Ziba pengo la chini ya mlango kwa kitambaa kilichokunjwa. Sogeza kabati la nguo likae kwenye ukuta wa upande wa kelele, na kitanda ukipeleke ukuta wa mbali. Trei za mayai ukutani ni kupoteza muda: zinapunguza mwangwi wa ndani ya chumba, sauti ya nje haizijali. Vitenge hali kadhalika.

Joto letu haliruhusu kufunga kila kitu, na wala usijaribu. Acha hewa ipite upande usio na kelele, na mvumo wa feni utakusaidia kufunika sauti ndogondogo. Chumba ulichokiziba usiingize jiko la mkaa hata kwa dakika chache. Hewa yake inaua.

Lini uende hospitali

Ukitoka kwenye mziki na masikio yanalia au yameziba, yape utulivu siku hiyo na inayofuata. Mlio ukikaa zaidi ya siku chache, au ukianza kuomba watu warudie maneno kila mara, nenda ukapimwe usikivu kwenye kliniki ya masikio, pua na koo. Mtoto anayeongeza sauti ya televisheni kila siku, au asiyeitikia akiitwa kwa nyuma, apelekwe bila kusubiri likizo. Usichokonoe kwa njiti ya kiberiti wala nyoya la kuku, na usitie mafuta ya moto.

Sikio moja likizima ghafla, ndani ya saa au siku chache, hata bila maumivu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kuna dawa inayoweza kulisaidia, na inafanya kazi vizuri zaidi ikianzwa mapema. Ukifika mapokezi usiseme tu "sikio limeziba", maana utapangiwa kusafishwa nta na kurudishwa nyumbani. Sema: "Sikio hili lilikuwa linasikia vizuri, limezima ghafla tangu jana", na utaje siku na saa.